Tangazo la Dawa kwa Mshona Majoho

Kwenye steshenari moja ya Masumbwe, mama anayeshona majoho ya kwaya aliweka simu yake mbele ya fundi wa kompyuta, nami nikisubiri zamu yangu. Tovuti yake ya biashara ilikuwa inatangaza dawa ya kuvuta dhahabu.

"Mchungaji ameshaiona," alisema. "Ile oda ya majoho naikosa."

"Nywila haijaibwa, mama. Uliingia kwenye tovuti yako, hukutoka, kisha ukabonyeza kiungo gani?"

Akatazama dari. "Picha za jiwe la dhahabu lililookotwa Rwamgasa."

"Basi huo ukurasa ulituma amri kupitia simu yako. Programu-jalizi ya matangazo, ile nyongeza iliyo kwenye tovuti yako, ikatii, bila kuhakikisha kama wewe ndiye uliyeagiza."

Nilielewa haraka. Kwangu mtoto husema "mama kasema", dada wa kazi akafungua kabati la sukari. Anajua mtoto ni wangu. Hajui kama nimesema.

Fundi alisasisha programu, akafuta tangazo. Mama akampigia mchungaji kwa spika, akaeleza yote kwa sauti ya kutubu.

"Majoho endelea nayo," mchungaji alijibu. "Ila wazee wawili wa kanisa wananiuliza kwa nini ile dawa imeondolewa."

Tangazo lilikuwa limefutwa dakika tano tu zilizopita.