Siku Nilipopima Mapigo kwa Kidole Gumba

Jamani, mimi ni mtu wa mapokezi tu. Naandika majina ya wagonjwa kwenye kliniki ya tiba za Kichina hapa Bariadi mjini. Ila kila siku namwona daktari wetu Mchina anamshika mgonjwa kifundo cha mkono, anafumba macho, halafu anautaja ugonjwa. Nikajiambia, hii hata mimi naiweza.

Jumatatu daktari akachelewa. Mama mmoja mzee kutoka Nkololo akaanza kulalamika. Nikavaa koti la daktari, likanibana kwapani.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia mama kwa Kisukuma. "Lete mkono."

Nikakandamiza kwa kidole gumba, nikafumba macho kama bosi. Loo! Mapigo yanakimbia kama ndama aliyeona fisi.

"Mayu," nikasema kwa sauti, benchi zima linisikie, "haya ni mapigo ya mtu mwenye hofu. Kuna jambo unawaficha watu."

Mama akatabasamu. "Mwanangu, mimi ni nesi mstaafu. Mapigo hayapimwi kwa kidole gumba, maana nacho kina mapigo yake. Hayo uliyoyasikia ni ya kwako. Haya, tuambie, unatuficha nini?"