Ufagio Mbele ya Mitungi ya Haidrojeni

Siku yangu ya kwanza kazini pale Athi River, msimamizi wa zamu alinikabidhi ufagio. Nilikasirika. Nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu, mwanamke pekee darasani, halafu nifagie? Nikafyata ulimi, nikamfuata. Akatembea kando ya mitungi ya gesi akiutanguliza ufagio hewani, polepole. Ghafla nyasi zake zikashika moto, na mbele yetu sikuona moto wowote.

"Moto wa gesi hii mchana hauonekani," akasema. "Usitangulize mkono wala uso. Tanguliza ufagio."

Tulitengeneza haidrojeni, gesi ambayo viwanda huitumia kugandisha mafuta ya kupikia. Haina rangi, haina harufu, na kwa wepesi wake ikivuja hupanda na kujikusanya chini ya paa. Cheche moja inatosha. Nilianzia ujazaji wa mitungi, nikahamishiwa ukaguzi. Kazi yangu ikawa kukaza viungio vya mabomba kwa spana, kuvipaka povu la sabuni, na kungoja nione kama kuna kiputo kinachofura. Hakuna kiputo, natia sahihi. Hofu haikuniisha hata siku moja. Wenzangu walinitania kwamba hata chai naipaka sabuni kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tukaletewa mhandisi mkuu mpya, mtu mwema lakini mwenye haraka. Petroli ilikuwa imepanda bei tena, naye akaapa kwamba gari litatembea kwa gesi yetu. Tulifunga mitungi miwili kwenye pikapu ya kampuni, tukarekebisha injini, ikanguruma. Bomba la moshi lilidondosha maji tu. Aliyakinga kwa kikombe, akayanywa tukimtazama. Hata mimi nilifurahi, sitadanganya. Lakini mitungi ile ya chuma ilijaza sehemu yote ya mizigo, na gesi yake ilifika Machakos mjini bila kutosha kurudi.

Ndiyo maana Jumamosi moja pikapu ililala Mumbuni, kandokando ya mji huo, kwa dereva wetu Musyoka, jirani yangu, ikiwa na gesi kidogo iliyobaki, ikingoja kuletewa mitungi mingine Jumatatu. Jumapili tulipotoka kanisani nikamuuliza ameiacha wapi. Akasema ameifungia ndani ya banda, kwa sababu wezi ni wengi. Nikamuuliza kama alifunga koki za mitungi.

"Hiyo nilisahau, Mama Ndinda. Lakini hakuna shida. Nimenusa asubuhi, haina harufu."

Miaka ishirini ya petroli ilikuwa imemfundisha kuamini pua yake. Banda lile na jikoni vilikuwa chini ya paa moja, na ukuta wa katikati haukufika juu. Nikamuuliza mke wake yuko wapi. Mbithe alikuwa ametangulia nyumbani kupika.

Tulikimbia. Kila hatua nilingoja kusikia mlipuko. Nilifika mlangoni pa jikoni kwanza, nikamkuta Mbithe amechuchumaa mbele ya jiko, kiberiti mkono huu, njiti mkono huu. Niliogopa kupiga kelele, asije akashtuka akaiwasha. Nikasema taratibu:

"Mbithe, usiwashe. Weka chini. Toka nje, mama."

Alinitazama kana kwamba nimepata wazimu, akaweka chini, akatoka.

Tulifungua milango yote, tukaacha upepo upite hadi alasiri. Kisha nikavipaka sabuni viungio vya mitungi. Kiputo kikafura kwenye kiungio cha mtungi wa pili. Kiungio hicho nilikikaza mimi, Ijumaa, mhandisi akinihimiza, na nikatia sahihi bila kungoja povu. Nililia palepale.

Jumatatu nilimweleza mhandisi yote, hata ile sahihi yangu. Akaagiza mitungi ing'olewe na pikapu irudie petroli. Mimi akaniacha kwenye ukaguzi. Alisema hakuna mwingine atakayeogopa vya kutosha.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama gari la haidrojeni linawezekana. Linawezekana, nimelipanda. Lakini linataka mitungi myepesi, vituo vya kujazia njiani, banda lenye matundu juu, na fundi asiyeharakishwa. Hata leo, nikiingia jikoni kwangu, natanguliza ufagio.

Kila mavuno Mbithe huniletea mbaazi, na huwaambia wageni kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Napokea, nasema asante. Sijawahi kumwambia ni nani aliyekaza kile kiungio.