Daktari Aliyekataa Ng'ombe, Akadai Mkono

Daktari Awuor ametuacha. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Hapana jamani, akili yangu inagoma.

Wengi wenu mnamjua kama yule mama wa kliniki ya presha kule Kombewa, mwenye taya lililopinda kidogo akicheka. Mkimuuliza lilipatwa na nini alikuwa akijibu tu, "Kazi." Leo nawaambia, mimi niliyekuwa fundi wake wa maabara Kisumu mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Ilianza na maiti. Kijana wa jimu moja ya Manyatta alianguka katikati ya zoezi, chuma kikamshukia kooni. Wenzake wakasema amerogwa. Wakamtoa jirani waliyemshuku nyumbani kwake, wakampiga mpaka meno yakabaki kwenye matope.

Awuor ndiye aliyempasua yule kijana. Akaniita. "Kuja uone. Huu moyo umevimba kama wa mzee wa presha, na huyu alikuwa anashinda akijiangalia kwa kioo!" Alikuwa na hasira kuliko huzuni. Ndivyo alivyokuwa.

Tukaja kujua vijana wa jimu wanajidunga dawa za kujaza misuli, nyingine za mifugo, kwa sindano moja waliyoichemsha kwenye sufuria ya chai. Akaandika proposal: tuwapime presha, ini na moyo, wanaojidunga na wasiojidunga. Wakubwa wa hospitali wakamcheka. Wodi zimejaa watu waliokonda kwa ukimwi, wewe unatafuta walionenepa?

Vijana wa jimu nao wakatufukuza kwa vyuma. Kimoja kilipita karibu na sikio langu kikavunja kioo cha gari. Kiongozi wao alikuwa Ombogo, jitu la kutoka Kisian. "Daktari, damu yangu si ya kuuza Nairobi. Toka!"

"Huyo atakufa kama yule mwingine," Awuor aliniambia tukirudi. "Na kabla afe, ataua mtu." Kuanzia siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine ila Ombogo.

Kisha babu yake Ombogo akafariki. Awuor akasema twende tukatoe pole, labda atatuzoea.

Tulifika siku ya tero buru. Kwa wasiojua: kwetu Waluo mzee akifa, wanaume huwakimbiza ng'ombe na kubeba marungu na mikuki, wakipiga kelele, wakipigana na hewa, ili kifo kitoke kwenye boma. Ni vita vya kuigiza. Vikiisha, watu wanakula.

Ombogo hakuigiza. Alimtwanga fahali rungu la kichwa mpaka magoti yakakunjika. Akaingia kwenye migomba, akaiangusha. Akamgeukia binamu yake, na mkono wa yule kijana ukavunjika tukiusikia.

Na watu wanashangilia! "Jaduong', mzee wetu, amemwingia! Tazama vile anamlilia babu yake!" Kila mtu alidhani ni uchungu wa msiba.

"Uchungu gani? Hiyo ni dawa!" Awuor akaingia katikati, mikono juu, akimwita kwa jina.

Ngumi moja tu. Taya lilikatika kama muwa.

Polisi wakamfungia Ombogo. Wazee wa Kisian wakaja wodini kuomba mambo yaishe kinyumbani, ng'ombe wa fidia wamemfunga nje ya geti. Awuor akawajibu kupitia meno yaliyofungwa waya: "Sitaki ng'ombe. Nataka mkono wake, kila Jumatatu, nitoe damu. Na hiyo sindano aache."

"Wuololo!" Mzee mmoja akashika kichwa. "Nyar Seme, binti wa Seme, si uchukue hata ng'ombe mbili?"

"Mkono, Jaduong'. Ama tuonane kortini."

Wazee wakakubali, polisi wakamwachilia, Ombogo akaja. Mwanzoni aliletwa, baadaye akaja mwenyewe.

Kuacha ile dawa kulimtesa kuliko kuitumia, na hilo hatukulitegemea. Misuli ikaporomoka. Hakulala, alilia ovyo. Siku moja aliingia lab, akaipiga friji yetu kwa stuli mpaka mlango ukang'oka. Sample zote chini. Damu hadi kwenye soksi zangu. Akaokota kipande cha chupa, akakiweka shingoni mwake. "Mumenifanya mtu bure! Wacha nikufe!"

Awuor akaketi palepale sakafuni, kwenye vioo, karibu naye.

"Kufa ungekufia jimu, tukuzike na kifua chako. Leo presha yako ni ya mtu wa kawaida, Ombogo. Ya kawaida! Nimekunywa uji kwa mrija juu ya hiyo presha. Weka chupa chini."

Akaiweka.

Kisha mama akanigeukia mimi: "Na wewe fagia, tuanze upya." Kazi ya miezi imo kwenye ndoo ya taka, na yeye ananiambia nifagie! Nilimtukana kimoyomoyo. Nikafagia.

Baada ya hapo Ombogo ndiye aliyetuletea wengine, baadhi kwa maneno, baadhi amewakaba shingo. Matokeo yalikuwa wazi: presha juu, ini limechoka, moyo umekuwa mnene. Wengi walioacha mapema walipata nafuu. Waliokataa tuliendelea kuwazika, vijana wenye watoto ambao hawajaanza hata shule.

Na sasa kansa imemchukua yeye, kimya kimya, mtu ambaye hakuwahi kufanya lolote kimya kimya. Nimekasirika. Msiniambie nikubali, sijakubali.

Asubuhi nilimpigia Ombogo simu. Ana wajukuu, anauza mbao Kisian. Nilimsikia akizima msumeno. Kisha akasema, "Omera, ndugu yangu, mimi ndio nilimvunja. Na mimi ndio niko hai."

Nyar Seme, ulitaka aishi, naye leo ameamka akakulilia. Lala sasa, daktari wangu. Ulale unono.