Pangaboi la Jirani na Kahawa ya Mama

Mama alipofanyiwa upasuaji wa jicho, daktari alimkataza kuinama mpaka atakaporudi kliniki. Nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Sakina, kwa sababu nyumbani mlimani ulikuwa msimu wa kahawa, na sijui kazi ya kahawa isiyohitaji kuinama.

Chumba changu na cha jirani viko chini ya paa moja. Kuta zinaishia kwenye dari, na juu ya dari kuna uwazi unaopeleka kila sauti kwa kila mtu. Jirani, mama mwenye mtoto mchanga aliyehamia kutoka Tanga, alikuwa na pangaboi. Mwezi wa saba, watu tumevaa makoti hadi ndani, yeye analiwasha tangu asubuhi. Lilikuwa limelegea mahali fulani, likawa linagongagonga kama manyunyu juu ya bati.

Mimi nilikuwa nimelizoea. Mama aliinuka kitandani.

"Mvua hiyo. Kahawa iko nje."

"Si mvua, mama. Ni pangaboi."

"Pangaboi, na baridi hii?"

Nikamwambia hata kama ni mvua, mdogo wangu yupo kule nyumbani, ataianua.

"Huyo? Huyo mvua ikinyesha anajianua yeye kwanza."

Akaanza kuinama atafute viatu. Nilimwahi kabla kichwa hakijafika chini.

Nikaenda kumwomba jirani azime. Alizima bila kubishana. Niliporudi nilimkuta mama amesimama, kitenge ameshajifunga.

"Imekata," akasema. "Nikaianike upya."

Nikarudi kwa jirani kumwomba awashe.

"Kaka, amua moja," akasema. Nikamweleza habari ya kahawa na jicho. Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Mlete aone mwenyewe."

Chini ya pangaboi zilipita kamba, ukuta hadi ukuta, zimejaa nepi.

"Shikamoo, bibi. Hapa kwenu nguo hazikauki jamani! Nepi ya Jumatatu naivalisha Alhamisi. Tanga ukianika, ukigeuka tu imekauka."

"Marahaba." Mama alilitazama pangaboi kidogo, kisha akazitazama kamba kwa muda mrefu. Akashika nepi ya katikati, akaifinya. "Umezibananisha. Hizi za ndani zitanuka. Zipunguze, halafu uwe unazigeuza."

"Nizigeuze mara ngapi, bibi?"

"Lete kiti."

Tangu hapo mama akawa anashinda kwa jirani, ameketi wima kama alivyoagizwa, akitoa amri, na mwenye kuinama kwenye beseni akawa jirani. Habari ya kurudi mlimani haikutajwa tena mpaka siku ya kliniki.

Kelele hazikupungua. Mama aligundua kwamba kasi ya pangaboi lile inafika namba tano, na kwamba siku zote hizo jirani alikuwa akitumia namba mbili.