Goti la Mzee Mwandawiro

Mzee Ronald Mwandawiro alikuwa na magoti mawili kama watu wote, ila la kulia lilistaafu kabla yake. Kwa miaka thelathini na moja alikalia kiti kimoja cha stesheni ya reli pale Voi akikata tiketi na kuandika mizigo, na alipotoka mwili wake ulikuwa umeshika umbo la kiti na hautaki ushauri. Kalamu ikimponyoka, aliitazama tu mpaka mtu apite.

Hayo yangevumilika kama si kanisa. Mwandawiro alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na Jumapili ya Meza ya Bwana wazee ndio hutangulia kupiga magoti pale mbele. Zamani kulikuwa na kizuizi cha mbao cha kushikilia. Kiling'olewa mwaka kamati ilipoweka vigae vya kung'aa, na aliyesisitiza kwamba mbao zinaharibu sura ya vigae alikuwa Mwandawiro mwenyewe. Basi Pasaka akapiga magoti vizuri, akapokea, akajaribu kuinuka. Wapi! Wahudumu wawili wakamshika makwapani wakamnyanyua kama gunia la mahindi, huku kwaya ikirudia ubeti uleule mara tatu.

Minong'ono ikaanza. Mzee amechoka, apumzike. Ilipenda kutokea upande wa Mzee Muinde, mweka hazina, mwenye duka la misumari na saruji, aliyekuwa akikitamani kiti cha mwenyekiti kwa upole mwingi. Yeye Pasaka hakuja. Alikuwa na homa, kama ilivyokuwa kawaida yake siku za Meza ya Bwana. Uchaguzi ulikuwa Septemba, na Agosti askofu angekuja kwa kipaimara na Meza ya Bwana. Mwandawiro akaapa kwamba mbele ya askofu atainuka mwenyewe, la sivyo atajiuzulu kabla hajang'olewa kama kile kizuizi.

Daktari alimpima akasema mifupa iko sawa, tatizo ni ugumu tu. "Muone Sista Immaculate. Anafundisha yoga kule nyuma ya duka la dawa."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko goti. Immaculate alikuwa nesi mstaafu, na miaka mitatu nyuma aliomba ukumbi wa kanisa afundishe kina mama wenye maumivu ya mgongo. Mwandawiro ndiye aliyesimama akatangaza kwamba yoga ni mlango wa mapepo, na Muinde akaunga mkono. Hakuna kati yao aliyewahi kuiona. Immaculate alibeba mikeka yake akatoka, na tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Mzee alikwenda Jumanne saa moja asubuhi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, miwani ya jua usoni, suruali ya suti na mshipi.

"Habari ya asubuhi, mzee," Immaculate akasema. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kunyoosha goti. Goti tu. Hayo mengine sitaki."

"Goti limeshikana na mwili wote, mzee. Tutaanza na kupumua. Na hiyo belt utoe, itakukata."

Kupumua! Miaka sitini na nne amepumua bila mwalimu, leo ndio afundishwe? Alipovuta pumzi ya kwanza hadi tumboni, kizunguzungu kikamshika, ikabidi akubali kwamba kumbe alikuwa akipumua nusu nusu.

Kilichomsumbua zaidi ni majina ya mikao. Mzee wa kanisa hawezi kuwa mbwa Jumanne na kusoma matangazo Jumapili. Akayabatiza upya. Mikono juu ikawa signali ya treni imefunguka. Kulala chali kama maiti kukawa kungoja treni, na huo aliumudu siku ya kwanza. Ule wa mbwa, viganja chini na makalio yakielekea mbinguni, akauita kupalilia, kwa sababu marehemu mama yake kule Sagalla alipalilia maharagwe ameinama vivyo hivyo kutwa nzima, na hakuna aliyesema ana mapepo. Wazo hilo lilimkera. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa limechelewa miaka mitatu.

Nyumbani alifanya mazoezi kwa siri, mpaka mkewe Tryphena akafungua mlango bila kubisha.

"Baba Derrick, mkeka wangu wa kuanikia unafanya nini chumbani?"

"Naomba."

"Ukiwa umeinua hiyo kitu yote juu hivyo?"

Akarudisha mlango taratibu. Mzee alimsikia akicheka jikoni hadi chai ikafurika.

Immaculate hakutaja habari za ukumbi hata mara moja, na hilo lilimuuma Mwandawiro kuliko goti. Wiki ya mwisho alimfundisha kuinuka. "Usipigane na goti. Viganja chini, vidole vya miguu vikanyage, inua kiuno, rudisha mikono pole pole hadi kwa miguu, halafu simama. Utoe pumzi na sauti. Haaa."

"Hivyo hivyo mbele ya watu?"

"Kwani Pasaka ulikuwa nyuma ya watu?"

Siku ya askofu kanisa lilijaa hadi nje. Muinde, ajabu, hakuwa na homa. Walipiga magoti bega kwa bega, wakapokea, na wahudumu wawili wakaanza kusogea. Mwandawiro akawapungia mkono wasije. Akaweka viganja kwenye vigae vyake mwenyewe, akainua makalio mbele ya waumini mia nne na askofu mmoja, akapanda pole pole. Haaa. Akasimama!

Kisha akasikia haaa nyingine. Muinde alikuwa ameinama vilevile, vidole vimekanyaga, makalio juu, hatua kwa hatua bila kukosea hata moja.

"Mimi huenda Alhamisi," Muinde akanong'ona, bila kumtazama.

Wiki hiyo kamati ikaketi haraka. Jumapili Mwandawiro akapewa tangazo asome: ukumbi utafunguliwa kwa mazoezi ya viungo. Maneno hayo yalichaguliwa na Muinde, kwa heshima ya wazee. Mwandawiro akaitazama karatasi, kisha akalitazama benchi la nyuma karibu na mlango. Aliona aibu, akaikunja karatasi.

"Ukumbi utafunguliwa kwa yoga," akasema. Muinde akaanza kukohoa. "Mwalimu ni Sista Immaculate. Mimi ndiye niliyemnyima, nikasema nisichokijua. Sista, nisamehe."

Mzee alibaki ameshikilia meza ya matangazo, pumzi ameibana.

"Pumua, mzee," sauti ya Immaculate ikatoka kule nyuma.

Akapumua, na haaa yake ikapitia kwenye kipaza sauti hadi kwa waliokaa nje.