Panya Waliovuka Barabara ya Mbau

Panya anakimbia nini wakati hakuna anayemfukuza? Swali hilo nilimuuliza mama mudogo, mdogo wake mama, kwenye shamba letu la Mbau, nikiwa bado msichana wa shule.  Yeye alikuwa ameshaanza kufunga vyungu.

Ilikuwa miaka ya vita, na tulikuwa tumezoea kusoma kila kitu kinachotembea. Mfanyabiashara akipakia bidhaa zake kwenye lori, tunafunga virago kukimbilia Butembo, mji wenye baridi alikoishi shangazi. Mbwa wakinyamaza, tunafunga virago. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya panya wa shamba. Walitoka kwenye maharagi mmoja mmoja, wembamba, wakavuka barabara bila haraka yoyote.

“Panya banahama,” mama mudogo alisema. “Vita iko nyuma yao.”

“Lakini maharagi bado kukauka!” baba alipiga kelele. “Tuking'oa leo, itaoza. Butembo tutakula nini? Baridi?”

Hapo ndipo palipouma. Chakula chetu cha msimu mzima kilikuwa bado kibichi.

“Kama banakimbia basoda,” niliuliza nikionyesha kambi ya wanajeshi ng'ambo ya barabara, “mbona banaenda upande wa kambi ya basoda?”

Baba alicheka. Mama mudogo hakucheka. “Weye, mutoto wa maulizo! Siku risasi italia, utaiuliza inatoka wapi?”

Baba akatangulia shambani. Tuling'oa maharagi, tukapanda lori hadi Butembo, tukayaanika uani kwa shangazi. Mvua ya Butembo haina huruma: yaliota ukungu karibu yote. Msimu huo tulikula sombe, majani ya muhogo, na bugali wa watu, huku Mbau ikiwa kimya, bila risasi hata moja. Jirani yetu aliyebaki alivuna maharagi makavu, akatutumia beseni moja.

“Si muko bazima?” mama mudogo alisema akiyachambua. “Donc basi, panya balisema kweli.”

“Na jirani naye muzima, mama mudogo,” nilisema.

“Enda uteke maji.”

Miaka mingi baadaye, chuoni, ndipo nilipojifunza kwamba panya wengi wa porini huondoka walikozaliwa wakiwa bado vijana, hasa madume, hata chakula kikiwepo na adui asipokuwepo: huenda kutafuta nafasi yao, na majike wasio dada zao.