Ndizi za mahafali yangu zimeshakatwa

Admin, nifichie jina tafadhali. Wifi zangu wanafuata ukurasa huu, na majina ya watoto nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, naishi Soweto hapa Moshi. Nina watoto wawili. Nuru ana miaka minne na nusu, Baraka ana mwaka na miezi mitatu na bado ananyonya. Baba yao anafanya kazi Himo, anarudi Jumapili. Nasoma diploma ya maendeleo ya jamii, mwaka wa mwisho. Au niseme ulitakiwa uwe wa mwisho.

Kilichobaki kilikuwa ripoti ya utafiti tu. Nilichagua lishe ya watoto wadogo, na mama mkwe wangu anayeishi Old Moshi ndiye aliyenizungusha nyumba kwa nyumba kwenye migomba. Magoti yake ni mabovu, lakini alitangulia yeye, anapiga hodi, anasema, "Huyu ni mke wa mwanangu, anasoma. Mjibuni ukweli, msimpe ule uongo mnaowapa manesi kliniki." Wanawake wanacheka, wanaweka majembe chini, wananijibu. Dodoso arobaini zilijaa. Nilishuka nazo kwenye kiroba cha unga nikijiona msomi kweli.

Kiroba hicho kiko juu ya kabati mpaka leo.

Mama mkwe aliponiona nimechoka aliamua mwenyewe. Kila Jumamosi aliacha gulio lake, akashuka asubuhi kuchukua watoto, akawarudisha jioni. "Kaa uandike, mama Nuru. Hawa niachie mimi." Miezi minne. Jamani, miezi minne!

Wakishaondoka nasema nioshe vyombo kwanza, akili itulie. Nikimaliza vyombo naona mapazia machafu. Siku moja nilikaa nikachagua mchele wa wiki nzima, na ulikuwa mchele wa dukani usio na hata jiwe moja. Nikija kufungua kompyuta naandika "Sura ya Nne", naiweka katikati ya ukurasa, naikoleza, naangalia saa. Halafu nashika simu. Halafu nalala. Mtu asiniite mvivu, maana nyumba yangu haijawahi kung'aa kama miezi ile. Niliogopa. Niliona nikianza itajulikana kwamba sijui, lakini nisipoanza bado naweza kuwa najua.

Jioni moja mama alimuuliza Nuru, "Mama yako anasoma sana, eti?" Mtoto akajibu, "Anasoma amefumba macho." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi huyo ni profesa!" Nikacheka na mimi. Moyoni nilitamani ardhi inimeze.

Msimamizi wangu alinipigia mara mbili, sikupokea. Siku ya mwisho ya kukabidhi ripoti ilipita nikiwa naanika nguo. Orodha ya wahitimu ikabandikwa, jina langu halimo. Ofisini wakaniambia naweza kukabidhi na kuhitimu na wenzangu wa mwakani. Mume wangu sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote.

Kumbe huko juu mama alikuwa ameshaloweka ulezi wa sherehe ya mahafali yangu. Kwa wasiojua kwetu, pombe yetu ya mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi uliooteshwa, na haipikwi siku moja. Alhamisi iliyopita akanipigia.

"Mama Nuru, ulezi umeota vizuri, nimeuanika. Nikate ndizi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa nasikia kuku wake kwenye simu. Nikasema, "Kata, mama."

"Nakata mikungu sita," akasema kwa furaha. "Na wale wanawake wa maswali yako wanakuja kupika wote. Wanasema hayo ni mahafali yao pia."

Mikungu sita. Ameifunika iive, na mkungu ukishakatwa haurudi mgombani. Jumamosi hii wanaweka vyungu motoni.

Naombeni msiniambie nidanganye kwamba chuo kimeahirisha mahafali. Hilo nimeshaliwaza, na nimejionea aibu jinsi akili yangu inavyokuwa nyepesi kwenye uongo. Wala msiniambie pole, watoto wadogo wanachosha. Wanachosha kweli, nawapenda na wananichosha. Lakini Jumamosi zile hawakunizuia. Walibebwa na bibi yao, mmoja mgongoni, mmoja kashikwa mkono, akapanda nao mlima kwa magoti yale ili mimi nipate nafasi. Sitawasingizia wanangu.

Najua natakiwa kwenda kumwambia. Jana nilivaa, nikamvalisha Baraka, nikafika mlangoni nikakumbuka kuna nguo kwenye kamba. Nikarudi kuzianua. Zilikuwa bado mbichi.

Ninachoshindwa ni hiki. Nikimwambia yeye peke yake kabla ya Jumamosi, ndiye atakayebeba aibu ya kupita kwa wenzake nyumba kwa nyumba kuwaambia msije, kwa magoti yaleyale aliyonizungushia. Nikienda Jumamosi yenyewe nikasimama mbele ya wanawake wote na kiroba changu, nikasema kosa ni langu, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu na ndizi ziko motoni. Na hiyo Jumamosi nayo, nikiitaja tu, najisikia nikisema tena nioshe vyombo kwanza.

Dada zangu, mama zangu, hasa ninyi mliokwisha kuwa wakwe, mngependa kuambiwaje? Nishaurini, nifanye nini? Ila msikae na majibu. Asubuhi hii mama amenitumia ujumbe kwamba ndizi zimeanza kunukia.